Nirmala, Jina la Kuazima

Wifi yangu Atupele alizikwa Iringa siku ya Alhamisi, na jioni ya Jumatano wanawe waliniomba niandike wasifu wake, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye mwalimu, na mwalimu hudhaniwa kuwa anajua kuandika juu ya wafu. Nilikalishwa katika chumba cha ndani cha nyumba yao ya Mlandege, juu ya kitanda alichokuwa akilalia, maana viti vyote vilikuwa vimetolewa nje chini ya turubai. Nilipewa karatasi, kalamu na kikombe cha chai ya tangawizi ambayo sikuinywa. Niliandika mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, kipaimara, ndoa. Nilipofika kwenye watoto, Ambakisye, mwanawe mkubwa aliye hai, aliniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kujibu simu za rambirambi: "Andika ameacha watoto wanne, shangazi. Watatu walitangulia. Elizabeti, Yohana, na yule mwingine." Nikamwuliza yule mwingine aliitwa nani. Akamgeukia baba yake, yaani kaka yangu, mzee sasa, aliyeketi mlangoni na blanketi mabegani. Kaka akasema, "Yule hakuwahi kuwa na jina. Hakubatizwa." Kalamu yangu ikasimama. Katika nyumba ile iliyojaa waombolezaji, nilikuwa mtu pekee aliyejua kwamba kaka amekosea, na kwamba kosa lake nililitengeneza mimi.

Mwaka ulikuwa 1974. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nimetoka Iringa kuja Mbeya kusoma kidato cha pili, na nilikaa kwa Atupele katika vyumba viwili vya kupanga chini ya mlima Loleza, ambako asubuhi za Juni maji ya mtungi huuma vidole kama meno. Kaka alifanya kazi katika mashamba ya mpunga huko Ubaruku na alikuja nyumbani kwa nadra, na gunia la mchele begani na matope ya Usangu kwenye viatu. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili na jiko moja la mkaa. Atupele alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza alikuwa amewazika kabla hawajaanza kutembea. Nami nilikuwa nimepokea kipaimara mwaka uliotangulia, wa kwanza katika darasa langu, nikiijua Katekisimu kwa moyo tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nilikuwa msichana mwenye haki, na sasa, baada ya kuishi na kusoma kiasi cha kutosha, naweza kusema kwamba ndani ya nyumba hakuna kiumbe wa kuogopwa kama msichana mwenye haki.

Atupele hakuniogopa. Alikuwa na kicheko kilichoanzia tumboni, na alipopika ndizi kwa maharage aliniita kwa jina alilonitungia: "Wifi mchungaji, njoo ubariki sufuria kabla halijapoa." Nilipomkemea kwa kufua Jumapili alijibu, "Mungu ananijua mimi na nguo zangu. Wewe soma kitabu chako." Siku za kazi alishinda kwenye duka la nguo la familia moja ya Kihindi, akitia vifungo na kupinda mashati katika chumba cha nyuma. Mwenye chumba kile alikuwa Savita, mke wa mwenye duka, mwanamke mwembamba wa makamo ambaye hakujaliwa mtoto. Kilikuwa na cherehani mbili, kalenda yenye picha ya mwanamke aliyempanda simba, na harufu ya binzari iliyokuwa imezama hadi ndani ya mbao. Nilikuwa nikimpitia Atupele baada ya shule, na Savita hakuniacha nisubiri bila kula. Alinipa chapati nyembamba iliyokunjwa na choroko ndani, kisha akaniuliza nilichosoma siku ile. Aliuliza kweli. Katika mwaka ule hakuna mtu mzima mwingine aliyeniuliza na kungoja jibu.

Mtoto alizaliwa mwezi Machi, msichana, mzito, mwenye nywele nyingi. Bibi yake Atupele alishuka kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akamtazama mtoto muda mrefu, akazungumza na mjukuu wake kwa Kinyakyusa, kisha akanigeukia mimi niliye Mhehe na kunifasiria kwa Kiswahili chake kizito. "Huyu asipewe jina la kwetu. Asipewe jina la kwenu. Aombewe jina kwa mtu asiye wa kwetu wala wa kwenu." Nikasema mtoto wa Kikristo hupewa jina la Kikristo. Bibi akacheka bila meno. "Elizabeti tulimpa, akaenda. Yohana tulimpa, akaenda. Majina ya kwenye kitabu, mjukuu wangu, kifo kimeshayasoma yote." Nikashauri basi awe na mawili, moja la kanisani na jingine la nyumbani, kama walivyofanya wengi. Akatikisa kichwa. "Mwenye majina mawili ana milango miwili. Mtafunga mmoja, kitaingia kwa mwingine." Huo ndio ulikuwa uchumi wake wote wa mbingu na dunia, na nilimdharau. Leo najiuliza kama mtu aliyezika vitukuu wawili hana haki ya kuwa na falsafa yake juu ya milango.

Atupele alimwomba Savita. Nilikuwapo. Nilitazamia kwamba Savita angecheka, au angetaja jina la kwanza lililomjia. Badala yake aliweka mkasi chini, akafunika uso kwa ncha ya sari yake. Alipoweza kusema, alitueleza kwamba kwao baba na mama hawatoi jina. Jina hutolewa na dada wa baba, ambaye wao humwita foi, na hiyo ni haki yake ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya. Kaka yake mwenyewe alikuwa amehama na mkewe mjamzito kwenda Uingereza. Mtoto alizaliwa huko, akapewa jina huko, na Savita akaarifiwa kwa barua. "Mimi nangoja miaka kumi kuwa foi," alisema. "Jina iko tayari. Barua nakuja, nasema jina nyingine." Kisha akanitazama. "Lakini hapa foi ni wewe. Wewe dada ya baba. Mimi nakupa jina, wewe nasema kwa sikio ya mtoto."

Siku ya sita alikuja nyumbani kwetu alasiri, amevaa sari nyeupe yenye upindo mwekundu. Kando ya kichwa cha mtoto aliweka taa ndogo, karatasi tupu na kalamu ya wino mwekundu. Alisema siku ya sita huja yule anayeandika maisha ya mtoto, naye asikose kalamu. Wasichana wanne wa majirani walishika pembe nne za kitambaa cheupe, mtoto katikati, wakambembeza huku wakiangua vicheko. Savita akaniita nisogee. Nilisimama penye mlango na mikono yangu nyuma, nikasema mimi ni mtu niliyebatizwa, siwezi kushiriki mambo hayo. Kicheko cha wasichana kilikatika. Atupele alisema tu, "Haya, wifi." Savita hakukasirika. Aliinama mwenyewe, akasema, "Basi leo mimi nakuwa foi," akanong'ona kwenye sikio la mtoto jina alilokuwa amelitunza kwa miaka kumi. Nirmala. Kesho yake niliiokota ile karatasi, nikaiona bado nyeupe, nikamwonyesha Atupele kwa ushindi. "Mwandishi wenu hakuja," nilimwambia. Akainyoosha karatasi juu ya goti na kuiweka chini ya mto wa mtoto.

Mwezi Mei Atupele alimpeleka mtoto kuandikishwa ubatizo. Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda ndizi za kuchoma, aliyeogopa ugomvi kuliko dhambi. Wazee wa kanisa walicheka. "Leo Nirmala," mmoja alisema, "kesho mtatuletea Kanji tumpake maji." Mwingine akasema hilo ni jina la sanamu. Atupele akajibu kwamba ni jina la mtoto wake, na kwamba kama maji ya kanisa yanachagua, basi yana kiburi kuliko maji ya bomba. Mwinjilisti akainua mikono kuwatuliza, kisha akaniona mimi nyuma. "Binti wa shule yupo. Akamwulize huyo mama wa Kihindi jina lina maana gani na limetoka wapi, atuandikie. Likiwa neno jema, mchungaji akija mwezi ujao atabatiza. Maana tu, binti, usihangaike na mengi." Namwona hata leo, anavyonikonyeza, akinifungulia njia iliyo pana na rahisi. Wema wa watu dhaifu ni wema pia, jambo ambalo sikulijua wakati ule.

Nilikwenda kwa Savita na daftari. Alinieleza kwa furaha, huku cherehani imesimama. Jina limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vyao, ambayo hakuna mtu anayeisema sokoni. Nir ni kutokuwa na. Mala ni uchafu. Asiye na uchafu. Maji ya mlimani, alisema, kabla ng'ombe hajakanyaga. Roho ya mtu pia. Niliandika yote. Hapo ningefunga daftari. Nilikuwa nimepata nilichotumwa, na lilikuwa neno ambalo mzee yeyote wa kanisa angelipigia amina, kwa maana tulilisoma kila Jumapili katika maneno mengine: bila mawaa, bila doa. Lakini sikutumwa na Mwinjilisti peke yake. Nilitumwa pia na ile tamaa yangu ya kushinda. Nikauliza, "Je, jina hili hutumika kumwita mungu wenu yeyote?" Savita alifikiri. Angeweza kunidanganya kwa neno moja, na mtoto angebatizwa. Alionyesha kidole kalenda ukutani. "Huyu Mata, mungu mama, iko na majina elfu," alisema. "Sisi nasoma yote kwa sala. Hii pia iko ndani." Nikaandika. Nilipiga mstari chini yake kwa rula.

Mwinjilisti alisoma karatasi yangu mbele ya wazee kwa sauti, na alipofika kwenye ule mstari sauti yake ilishuka kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka ghafla. Wazee hawakucheka tena. Waliamua kwamba mtoto aletwe na jina jingine, na Atupele alipokataa wakamzuia meza ya Bwana mpaka atubu. Njiani kurudi nyumbani nilitembea nyuma yake. Mgongo wa mtoto ulikuwa unapanda na kushuka ndani ya kanga. "Ulitumwa maana, wifi," alisema bila kugeuka. "Mbona umewaletea na mengine?" Nikamjibu kwamba ukweli haukatwi vipande. Ni sentensi nzuri. Nimeitumia darasani mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara nilipoitumia nilihisi harufu ya vumbi la barabara ile.

Ukweli haukatwi vipande, naam; lakini mkate hukatwa, na anayempa mtoto mkate mzima kooni atamwua. Hilo sikufundishwa. Nilifundishwa kujibu maswali yote na kuacha nafasi mbili kati ya mistari.

Mwezi Julai surua ilipita mtaani kwetu. Nirmala alipona vipele, kisha kifua kikamshika. Hospitali walimpa dawa, tukarudi nayo nyumbani, na siku ya tatu, saa tisa alasiri, upepo mkavu ukigonga bati, pumzi zake zilianza kuja kwa vipindi. Kaka alikuwa Ubaruku. Mwinjilisti alikuwa amekwenda Mbalizi kwenye msiba. Atupele alimlaza mtoto mapajani, akanyoosha mkono mmoja akavuta bakuli la bati lililokuwa na maji, akaliweka juu ya kigoda mbele yangu. "Wifi," alisema, "wewe umesoma. Mbatize."

Alikuwa amesikia kwamba inawezekana, wala hakukosea. Kwa dharura, kila Mkristo anaweza kubatiza. Ni fundisho la kanisa letu, nililikariri na kulipatia alama zote. Hata yeye mwenyewe angeweza, akiwa amezuiwa meza ama hakuzuiwa, kwa maji yaleyale na maneno kumi na machache. Alidhani mkono wake umeondolewa haki. Nilijua kwamba haukuondolewa, na sikumwambia.

"Kwa jina gani?" nilimwuliza.

"Unalijua jina lake."

"Hilo wamelikataa. Sema Maria, wifi. Sema Ruthi. Jina lolote, nimbatize sasa hivi."

"Nikimbadilisha jina sasa, kifo kitamwona."

"Hakuna kitu kinachomwona! Hizo ni hadithi za bibi."

"Basi kama ni hadithi, jina lina ubaya gani? Mbatize." Alishika ukingo wa sketi yangu ya shule. "Wifi. Mtoto anakwenda."

Nikaanza kueleza. Vidole vyangu vilikuwa tayari ndani ya maji, nakumbuka ubaridi wake, nami nikaanza kumweleza tofauti ya jina na sakramenti, na kwamba mimi si mkubwa kuliko wazee, na kwamba utii ni bora kuliko dhabihu. Nilieleza vizuri. Nilikuwa katikati ya sentensi Atupele alipoachia sketi yangu, na kwa namna alivyoiachia, polepole, kidole kimoja kimoja, nikajua kwamba hakuna tena wa kubatizwa.

Walimzika pembeni mwa makaburi, bila kengele na bila wimbo, wanaume watatu na majembe. Savita alikuja na kile kitambaa cheupe cha siku ya sita, akakitoa kwa mikono miwili, akasimama nje ya michongoma, maana hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Wala mimi niliyejua sikumkaribisha. Tulipotoka alinijia. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, na ningezipokea kwa uhodari, kwani hakuna kitu ambacho mwenye haki hukipenda kama kulaumiwa bila sababu. Hakunilaumu. Alisema, "Mimi nakwambia yote kwa sababu wewe nauliza. Mimi nafikiri wewe nataka kujua." Mwaka uliofuata duka lilifungwa, nao wakahama kama wengi wa kwao walivyohama. Sijui alikofia. Kalenda waliiacha ukutani.

Tulipokuwa tukikusanya nepi, nilikuta chini ya mto ile karatasi ya siku ya sita, nyeupe, imekunjamana kwa joto la kichwa cha mtoto. Siamini kwamba kuna yeyote anayekuja kuandika. Lakini maisha ya mtoto yule yaliandikwa kwenye karatasi, na mwandiko ulikuwa wangu, na mstari wa mwisho ulipigwa kwa rula.

Kaka alikuwa amemwona bintiye mara mbili tu, na mara zote alimwita "mama mdogo" kama wanavyofanya kina baba. Hakuna aliyemtajia tena jina lile, nalo likatoka katika ukoo wetu kana kwamba halikuwahi kuingia. Wakahamia Iringa. Atupele alizaa wengine wanne, wakaishi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alinipokea nyumbani kwake, akanipikia, akaniandalia kitanda chenye shuka safi, akanisindikiza hadi barabarani. Hakunitendea neno baya hata moja. Ila tangu alasiri ile hakuniita wifi tena. Aliniita Mwalimu, hata kabla sijawa mwalimu, na watu walidhani ni heshima. Mara nyingi nilifika Mlandege nikiwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, na mara zote nikayarudisha Mbeya, nilikofundisha, yakiwa mazima. Nilingoja aniulize. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba anayengoja kuulizwa ndipo aungame haungami, bali anajibu. Hilo nililijua kwa sababu nililiishi.

Jumatano ile, basi, kaka aliposema mtoto hakuwa na jina, sikubishana naye. Niliandika Elizabeti, nikaandika Yohana, na baada yake nikaandika Nirmala. Asubuhi mchungaji alikuja kupitia wasifu kabla ya ibada. Ni kijana, mwenye miwani, hajafika miaka thelathini na mitano. Aliketi kando yangu kitandani, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu, na kalamu ikasimama mahali palepale yangu iliposimama.

"Nirmala," alisoma. "Hili geni. Lina maana gani, Mwalimu?"

Nje walikuwa wameanza kuimba. Nilimwona Savita akinyoosha kidole ukutani, na rula yangu, na bakuli la bati juu ya kigoda.

"Asiye na doa," nikasema, nikanyamaza.

"Jina zuri," alisema mchungaji, akapita kwenye mstari uliofuata.